Meja na Reli ya Kwemizi

Haya, nakutegea wewe uliyeketi hapo. Ukishindwa usinipe mji wa Korogwe, maana mambo yenyewe yalianzia huko, na mtu hapewi mji ambao tayari ni wake. Sikiliza: nikimvuta ananivuta, nikimwachia ananingoja. Ni nani huyo?

Usinijibu sasa. Kitendawili hiki kimumunye kwanza kama ubuyu, punje tutaitema mbele ya safari.

Zamda binti Hiza alitegewa kitendawili hicho akiwa amelala chali mavumbini, kinywa kimejaa mchanga, na farasi aliyemtupa anatafuna majani hatua tano kutoka pale kana kwamba hamjui. Aliyemtegea ni baba yake mzazi. Hakumuuliza kama ameumia. Alimtegea kitendawili. Lakini nikianzia hapo nitakupoteza, acha nirudi nyuma kidogo.

Mzee Hiza alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwenye shamba moja la mkonge karibu na Korogwe. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na miwili. Alfajiri alikuwa anawapanda farasi yeye mwenyewe ili kuwachangamsha, na asubuhi anamkabidhi meneja mnyama aliyekwisha kuamka vizuri. Mwaka wa Uhuru farasi mmoja akaanguka naye kwenye mtaro, akamlalia nyonga. Tangu hapo Hiza hakupanda tena. Alisugua, alilisha, alifunga matandiko, na meneja akirudi kutoka shambani yeye ndiye aliyefungua lango, kofia mkononi, mgongo umenyooka.

Mkewe alikwisha kufariki, na mtoto alikuwa mmoja tu, Zamda. Tangu akiwa na miaka saba Zamda alikuwa anakata majani ya farasi na kuteka maji yao. Jioni moja aliwasikia wanaume wa kambini wakimwambia baba yake, "Saisi, ufundi wote huo utamwachia nani, na nyumbani una msichana peke yake?" Baba yake akacheka pamoja nao. Zamda akakibeba kicheko kile mpaka akaolewa, mpaka akaachika, mpaka akarudi kwa baba akiwa na miaka ishirini na minane.

Azimio lilipotangazwa, shamba likawa la umma. Meneja akafunga masanduku akaenda kwao, akaacha farasi mmoja kwa sababu mnunuzi hakupatikana. Farasi huyo ndiye Meja. Sijui nikueleze vipi ukubwa wake. Mtu mrefu akisimama ubavuni mwake haoni upande wa pili. Rangi yake ya chai ya rangi iliyokolea, kwato kama sufuria, na shingo, ah, shingo ile ilikuwa nene kama gogo la mvule.

Kijiji kipya cha ujamaa cha Kwemizi, ndani ndani huko ukipita Kang'ata, kikamwomba. Kilikuwa na sababu. Masika yaliyotangulia, sanduku la dawa la zahanati lilikwama Kabuku siku kumi na saba, lori limezama, baiskeli hazipiti, na watoto wanaharisha. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Mbaruku, mtu wa kofia safi na sauti ya mkutano, akasema mnyama mrefu kama yule atapita tope lolote. Basi Hiza na Zamda wakatembea naye siku tatu kutoka Korogwe hadi Kwemizi, wakapewa nyumba, wakajenga banda lenye lango la miti, na kila jioni wakawasha moshi wa mavi ya ng'ombe ili inzi wa ndorobo wasimwue.

Kumwongoza Meja kwa kamba lilikuwa jambo jepesi. Kumpanda ndiko kulikowashinda.

Wa kwanza kujitokeza alikuwa Kibwana, kijana aliyewahi kukata mkonge, mikono yake minene kama mapaja ya watu wengine. Hiza alimweleza habari ya lijamu, kile chuma cha mdomoni, na vigwe, zile kamba mbili za ngozi zinazotoka kwenye chuma kuja mikononi mwa mpandaji. Kibwana alisikiliza kwa sikio moja.

"Mzee Hiza," akasema, "mimi nimebeba mizigo ya mkonge miaka minne. Huyu ni punda aliyeshiba tu."

Mwenyekiti akaamuru reli ipigwe ili watu waje kushuhudia. Unaijua reli. Kila kijiji kilikuwa nayo, kipande cha chuma cha njia ya treni kimening'inizwa mtini, kikigongwa watu wanatoka kwenda shamba la pamoja au mkutanoni. Kibwana akapanda, reli ikalia, watu wakaja mbio, na Meja naye akaondoka mbio. Kibwana akavuta kwa nguvu zake zote. Meja akanyoosha shingo akavuta kwa nguvu zake zote, na hapo ikaonekana nguvu za nani ni nyingi. Alikimbia moja kwa moja hadi bandani, akasimama ghafla langoni, Kibwana akaendelea peke yake hadi kwenye jamvi la mihogo ya mama mmoja.

Mara ya pili Kibwana alikuja na lijamu jipya alilofuliwa na mhunzi, lenye kona kali. Reli ikapigwa tena, watu wakaja tena, na mambo yakawa yale yale, ila safari hii alivunjika mkono na Meja akatokwa na damu kinywani. Hiza akalitwaa lile lijamu akalitupa chooni bila kuomba ruhusa ya mtu.

Wapo waliosema farasi ana pepo. Mwalimu wa madrasa akamsomea dua, Meja akasikiliza kwa adabu, kisha akala nusu ya mkeka aliokalia mwalimu.

Ikaitishwa mikutano miwili. Wa kwanza ulikuwa wa maneno, wa pili ulikuwa wa uamuzi. Mbaruku akasimama.

"Ndugu wananchi. Mnyama huyu halimi, hakamuliwi, haliwi, na sasa anatuvunjia watu. Siku ya Saba Saba bwana mifugo wa wilaya atakuja. Kama mpaka siku hiyo hajapatikana mtu wa kijiji hiki wa kumpitisha Meja kuanzia banda lake mpaka hapa penye reli na kumrudisha, bila mbio, bila kuanguka, bwana mifugo atakuja na bunduki yake na tutamaliza maneno. Ni siku arobaini."

Hiza akainuka na fimbo yake, akachukua muda wake kuinuka.

"Mpandaji yupo."

"Nani, Mzee? Wewe na nyonga hiyo?"

"Zamda."

Kicheko kilichopanda pale kiliamsha vitoto vilivyobebwa migongoni. Mama mmoja mzee akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Zamda huyu anayeruka akiona jongoo?"

"Jongoo hana lijamu," Hiza akajibu, akakaa.

Zamda alitamani ardhi imfunike. Walipofika nyumbani, baba akachukua kigwe kilichokatika akaanza kukishona kwa uzi wa mkonge, kama mtu aliyetoka kununua chumvi.

"Ungenishauri kwanza, Baba."

"Ungekataa."

"Na sasa nikikataa?"

"Watampiga risasi."

Zamda akatazama bandani. Meja alikuwa amelaza kidevu juu ya lango, anawatazama na yeye. Alikuwa amempelekea maji tangu akiwa ndama, kama farasi naye huwa ndama. Na lile aliloficha miaka ishirini na moja likatoka lenyewe, bila kupita kwenye akili.

"Baba, ungekuwa na mtoto wa kiume, ungenitaja mimi?"

Sindano ikasimama. Hiza akaitazama ncha yake.

"Nipe nta," akasema.

Zamda akampa nta. Swali likabaki pale pale lilipoangukia, kati ya kigoda na mlango, na kila siku ikawa kulikanyaga au kuliruka.

Juma la kwanza hakumpanda. Alitembea tu ubavuni mwa Meja na kamba mkononi, akizunguka uwanja, na amri ilikuwa moja: akisimama yeye, farasi asimame. Mwanzo Zamda alikuwa anasimama huku anavuta, na Meja anaendelea na safari zake akimburuta kama kanga iliyonasa.

"Simama wewe kwanza," baba alimwambia kutoka kwenye kigoda. "Wewe umesimama miguu tu. Mabega bado yanatembea. Yeye anayaona."

Siku ya nne alisimama mabega na pumzi, na Meja akasimama. Zamda akajikuta anatabasamu peke yake kama mtu aliyeokota kitu.

Juma la pili akapanda, amevaa suruali ya kaki ya kazi ya baba yake chini ya kanga, akikanyagia kinu kilichopinduliwa ili afikie rikabu, kile chuma cha kutia mguu. Kule juu kulikuwa mbali. Aliona paa la nyumba na kuku waliolala juu yake bila habari. Kabla hajazoea, baba akamwita Naisimoi.

Naisimoi alikuwa mwanamke wa wafugaji wa bondeni, aliyeleta maziwa kijijini kila asubuhi na punda wake wawili, na aliyekuwa hafichi anachokifikiri. "Nyinyi watu wa jembe mnanishangaza," alisema akimzunguka Meja. "Mnyama mkubwa hivi, hata maziwa hana. Mnamfuga ili awatupe?" Lakini akaipokea kata ya maji aliyopewa na Hiza, akapanda juu ya kinu, akaiweka juu ya ngata kichwani mwa Zamda.

"Sasa tembea," baba akasema.

"Baba, niko juu ya farasi."

"Umebeba maji miaka ishirini bila kushika ndoo. Jongoo na maji, unachoogopa kimoja tu. Tembea."

Akatembea. Mwanzo kata ilimwagika mpaka suruali ikalowa. Lakini mgongo wake ulikuwa unakijua kitu hiki kuliko kichwa chake. Njia ya kisimani, na mawe yake, na mtelemko wake, ilikuwa imemfundisha kiuno kwenda na mwendo huku kichwa kimetulia. Akaacha kutazama chini. Akaacha kushika vigwe kama mtu anayezama. Siku ya kumi na mbili alizunguka uwanja mara saba na maji yakabaki yote, na Naisimoi akayanywa yale maji kwa heshima, akarudisha kata.

Ndipo baba akaanza kumfundisha mikono.

"Usishindane naye. Shingo yake peke yake ni wewe na marehemu mama yako mmekumbatiana. Ukimpa kitu cha kuegemea ataegemea, na akiegemea ameshinda. Kibwana alimpa ukuta wa kusukuma. Wewe kamua, kisha achia. Kama unavyokamua kitambaa cha tui. Kamua, achia. Akikuuliza 'ukuta uko wapi,' asiuone."

"Na akiondoka mbio?"

"Hapo ndipo utakapotaka kuvuta mikono yote miwili. Kila mtu hutaka. Shusha uzito kwenye tandiko kama gunia, mkono mmoja umwachie kabisa, mwingine umwite pembeni, azunguke. Duara kubwa, duara dogo, duara dogo zaidi. Hawezi kukimbia huku anaufukuza mkia wake."

Yote hayo Zamda aliyaelewa. Siku ya kumi na tisa walichelewa kumaliza kuliko siku nyingine, na Meja anatembea kama bwana harusi, reli ya kijiji ikalia kwa mbali kuwaita watu wa zamu. Shingo ile ya mvule ikakakamaa, na Zamda hakukumbuka gunia wala duara. Alivuta. Mikono yote miwili, meno ameyakaza. Meja akamvuta mpaka bandani, akasimama ghafla, na hapo ndipo tulipomwacha, chali, mchanga kinywani.

Hiza akachechemea mpaka pale, akasimama juu yake.

"Nikimvuta ananivuta, nikimwachia ananingoja. Nani huyo?"

Zamda akatema mchanga. "Wewe, Baba."

Mzee alicheka hadi fimbo ikamtoka. Zamda naye akacheka, mbavu zikamuuma, na akiwa bado pale chini akasema, "Farasi."

"Kumbe unamjua. Mbona umemvuta?"

Basi umekisikia jibu, na kama ulikwisha kulipata mwenyewe, mji ni wako. Lakini kujua jibu ni kitu kimoja na mikono kujua ni kitu kingine. Na hata hivyo lilikuwepo jambo ambalo hata Mzee Hiza, na ujuzi wake wote, alikuwa halijui.

Kesho yake Zamda, mbavu zimefungwa kitambaa, alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchicha, saa ambayo siku zote huwa kisimani. Baba yake alikuwa bandani anamsugua Meja kwa brashi. Reli ikalia. Zamda akainua macho, na kile alichokiona kikamfanya aache mchicha. Meja aliinua shingo. Mzee Hiza aliinua shingo. Wote wawili kwa pamoja, masikio upande mmoja. Kisha baba yake akaweka brashi chini, akavua kofia, akachechemea mpaka langoni na kulishika.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Reli imelia."

"Imelia ya shamba la kijiji. Wewe huna zamu, ulisamehewa kwa ajili ya nyonga."

Hiza akautazama mkono wake ulioshika lango, kisha kofia iliyo kwenye mkono wa pili. Akabaki hivyo. Meja nyuma yake alikuwa anapiga kwato chini, tap, tap, anangoja kitu.

"Saa nane," Mzee akasema polepole. "Kule shambani reli ililia saa nane. Kazi imekwisha. Meneja alikuwa anapenda kurudi mbio. Nikifungua lango tu, anaingia, na ndoo ya pumba iko tayari. Miaka sita, Zamda. Kila siku."

"Na hapa, kila Kibwana alipopanda, mwenyekiti alipiga reli."

"Ili watu waje kuona."

"Wakamwona anarudi nyumbani kula."

Hiza akavaa kofia yake. Alionekana mtu aliyeamshwa. "Pepo," akasema. "Na mimi ninalo hilo hilo."

Zamda hakupoteza siku. Alikwenda kwa Bwana Mbaruku, akamwamkia, akamwomba ruhusa ya kuigonga reli mara chache kila asubuhi ili amzoeshe farasi.

"Binti yangu," Mbaruku akasema, "reli ya kijiji si ngoma. Nikikuruhusu uipige ovyo, kesho nikiita watu shambani nani atakuja? Tena waambie na wanaosema nimemchukia yule farasi, mimi ndiye niliyemwomba."

Basi wakatundika jembe bovu kwenye mti wa nyuma ya banda, na Naisimoi akawa mpigaji. Alilipiga kwa jiwe, ng'aa, ng'aa, punda wake wangeziba masikio kama wangeweza. Siku za kwanza Meja alikuwa amefungwa, na jembe likilia Zamda anamlisha konzi ya mtama pale pale aliposimama, wala si bandani. Kisha akampanda, jembe likalia, Meja akisimama anapewa mtama na Zamda anayemwinamia kutoka juu, akisogea hata hatua moja anazungushwa duara mpaka atulie, na mtama hapati. Mkono mmoja umwachie, mwingine umwite. Kamua, achia. Siku ya ishirini na saba alikimbia hatua thelathini. Siku ya thelathini na moja, kumi. Siku ya thelathini na sita jembe lililia, na yule mnyama akasimama kama aliyeitwa jina lake, akageuza kichwa mpaka gotini kwa Zamda, akangoja.

"Hata punda wangu hanitazami hivyo," Naisimoi akasema, na jiwe bado mkononi.

Hiza hakusifu. Alisema tu, "Jembe ni jembe. Reli ni reli."

Siku ya Saba Saba bwana mifugo alikuja na Landrova kutoka Handeni, kijana mwenye miwani, mtaratibu, bunduki imefungwa kwenye turubai nyuma. Watu walikuwa wameshajaa uwanjani, wengine wamepanda juu ya magari ya ng'ombe. Kibwana alikuwepo, mkono kwenye kitambaa shingoni.

Kutoka bandani hadi penye reli ni mwendo wa nusu maili. Hiza hakwenda. Alisema nyonga inamsumbua, lakini Zamda aliyaona macho yake. Baba akamsaidia kupanda, akakaza mkanda wa tandiko, akajaza mfuko wake mtama.

"Nisipomweza?"

"Utakuwa umempanda hata hivyo," baba akasema, akafungua lango.

Meja aliingia uwanjani akitembea, tena mwendo wa taratibu, kichwa chini, vigwe vimelegea. Watu wakakaa kimya, kimya kile cha watu waliokuja kucheka na sasa hawajui wafanyeje na midomo yao. Zamda aliketi wima kama amebeba kata. Ukweli ni kwamba aliihisi kichwani, na maji yake. Akapita mbele ya wanawake. Akapita mbele ya Kibwana, naye Kibwana akamwondokea njia. Zilibaki hatua arobaini afike penye reli, ageuze, arudi.

Na sasa nikuambie habari ya Bwana Mbaruku, maana hakuwa mtu mbaya. Alipomwona yule mnyama aliyemwomba yeye mwenyewe, aliyemtia aibu mwaka mzima, anakuja mbele ya mgeni wa wilaya akiwa ametulia namna ile, kifua kilimjaa. Akataka na wale waliobaki majumbani waje kuona. Akachukua chuma, na kabla mtu hajamshika mkono, akaigonga reli. Mara tatu, kwa nguvu.

Shingo ikakakamaa. Zamda aliisikia chini yake, mwili mzima ukigeuka kuelekea nyumbani. Meja aliruka mbele. Watu wakatawanyika kama vifaranga.

Mikono yake ilitaka kuvuta. Aliihisi ikitaka, yote miwili. Akaiacha itake. Akashusha uzito kwenye tandiko kama gunia la mahindi, akatoa pumzi, mkono wa kulia akaufungua, kwa wa kushoto akamwita. Meja akautafuta ukuta wa kuegemea, hakuuona. Akazunguka. Duara la kwanza lilikuwa kubwa, lilimvua mwenyekiti kofia. La pili likapungua. Kamua, achia. La tatu likawa dogo, mavumbi yakapanda, na katika la nne, chini kabisa ya ule mti wa reli, farasi akawa anatembea, kisha akasimama. Akapumua kwa nguvu mara moja. Akageuza kichwa mpaka gotini.

Zamda akampa mtama. Kisha akageukia mti wa reli.

"Bwana Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba," Mbaruku akasema. Alikuwa ameegemea mti, kichwa wazi.

"Naomba uipige tena."

"Tena?"

"Tena, na useme unapopiga, watu wajue ni ya shamba la kijiji."

Alipoona mwenyekiti anasita, Zamda akaviweka vigwe vyote viwili juu ya shingo ya Meja na kukunja mikono mapajani. Mbaruku akamtazama bwana mifugo, bwana mifugo akamtazama farasi. Reli ikapigwa. Sikio moja la Meja likaenda nyuma, likarudi. Miguu haikuondoka. Ikapigwa tena. Alichofanya ni kunusa mfuko wa mtama.

Sijui nani alianza kupiga vigelegele. Wengine wanasema yule mama mzee wa jongoo. Ninachojua ni kwamba Naisimoi aliwakaripia wote wanyamaze, mnyama yuko kazini.

Bwana mifugo alikuja karibu, akamgusa Meja begani kwa kiganja, akamwinua mdomo, akautazama ulivyopona. "Nani amemrekebisha huyu?"

"Mimi na baba yangu," Zamda akasema. "Na jembe."

"Masika atakwenda Kabuku kuchukua dawa?"

"Atakwenda. Nitampanda mimi."

Kibwana, ambaye alikuwa amesogea, akasafisha koo. "Dada Zamda, mkono ukipona utanifundisha?"

"Utaanza na kata ya maji kichwani," Zamda akamwambia, na kwa mara ya kwanza siku ile watu wakacheka kwa furaha.

Akageuza farasi. Njia nzima ya kurudi Meja alitembea, na kwa kila nyumba waliyopita mtu alisimama mlangoni. Zamda hakuwapungia mkono. Aliketi tu, wima, akalisikia jua mgongoni na ule uzito mkubwa ukienda chini yake kwa hiari. Hakuwahi kuketi mahali popote duniani akawa amejaa namna ile.

Baba yake alikuwa langoni. Alikuwa amesikia reli kutoka kule, mara zote, na alikuwa hajauachia mti wa lango. Alipowaona wanakuja kwa mwendo wa kutembea alinyoosha mgongo, nyonga ikamkataza, akaunyoosha hivyo hivyo. Akavua kofia. Akalifungua lango mpaka mwisho, akasimama pembeni kama alivyosimama miaka ile yote, ila safari hii macho hakuyaangusha chini.

Zamda alisimama katikati ya lango. Hakuvuta, alisimama tu yeye, na Meja akasimama.

"Baba, vaa kofia. Mimi si meneja."

"Najua wewe ni nani," Hiza akasema, na kofia akaendelea kuishika. Akapitisha kiganja kwenye shingo ya farasi, huku akitafuta maneno. "Uliniuliza kitu siku ile nashona kigwe."

"Nilikuuliza."

"Ningekuwa na mtoto wa kiume," Mzee Hiza akasema, "leo ndiye angekufungulia lango."